Kuhamishia Betri ya Motokaa ya Zamani Nyuma Katika Buti

Katika somo la Fizikia hatukosi kusikia swali hili kila muhula: je, hesabu hizi za ukinzani na mkondo wa umeme zina kazi gani nje ya karatasi ya mtihani? Katika makala haya nitajibu kwa kazi moja tu ya gereji, ambayo nataka wazazi wenye motokaa za zamani waifahamu pia, nayo ni ile ya kuitoa betri chini ya boneti na kuiweka nyuma katika buti. Fundi hodari aweza kuimaliza kwa siku moja. Ikifanywa ovyo, yaweza kuiteketeza motokaa pamoja na waliomo ndani yake, na hapo mwenye kulaumiwa si betri bali ni waya mmoja.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mtu ajisumbue. Motokaa ya zamani ikitiwa injini nyingine, kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, mara nyingi betri ndiyo hukosa mahali, na jambo la kubadili injini ni la kawaida nchini kwetu kwa kuwa vipuri vya injini za kale ni adimu. Tena joto la injini huifupishia betri maisha, maana hukausha maji yake na kuziharakisha sahani za risasi kuchakaa. Lakini sababu inayopendwa zaidi na wenye kushindana ni uzito. Motokaa nyingi hubeba mzigo mkubwa mbele, na dereva wa mashindano hupenda kuupeleka nyuma kidogo.

Hapa yatupasa kuchukua kalamu. Tufanye mfano wa Peugeot 404, motokaa ambayo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliiendesha pamoja na Chris Rothwell wakashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.65. Tuseme betri ina kilo 15, nayo ilikuwa juu kabisa ya ekseli ya mbele, kisha tukaiweka katika buti, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mwanafunzi aliyejifunza nyenzo atasema upesi kwamba mbele pamepungua kilo 15. Si kweli! Betri sasa iko nje ya egemeo, hivyo huinua mbele kama mtoto aliyekaa mwisho wa pembea ya ubao. Mbele hupungua kilo 15, na zaidi yake kilo 15 mara 0.60 gawanya kwa 2.65, yaani kilo 3.4. Jumla ni kilo 18.4 zilizotoka mbele, nazo zote zimehamia nyuma. Faida imezidi uzito wa betri yenyewe.

Hata hivyo tusidanganyike na hesabu nzuri. Katika motokaa ya kilo 1,100 hiyo ni chini ya sehemu mbili kwa mia, na waya mrefu wa shaba utakaoongezwa una kilo zake mbili au zaidi. Kwa maoni yangu, mtu mwenye motokaa ya kushuka nayo Songea mjini na kupanda tena Matogoro hana haja ya kuhamisha betri kwa ajili ya uzito. Ahamishe kama nafasi imemlazimu.

Wala jambo hili si geni kwa viwanda. Mini ya Waingereza, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa mwaka 1959, ilikuwa na betri ndani ya buti tangu siku ya kwanza, kwa sababu injini yake ililazwa kwa upana na mbele hapakubaki nafasi. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari mwaka 1962, huweka betri chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Wenye Volkswagen hizo wanajua ile hatari yake: kifuniko cha betri kikipotea na abiria mzito akiketi, springi za kiti huweza kushuka zikagusa vichwa vya betri, na ujazo wa kiti ukashika moto. Watengenezaji wa BMW, ambao motokaa zao nyingi zina betri nyuma, walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuweka kwenye kichwa cha betri baruti ndogo inayoukata waya mkuu mara motokaa inapogonga. Wasomaji na waupime wenyewe uzito wa jambo hilo: wahandisi waliona ni afadhali kulipua kitu ndani ya motokaa kuliko kuuacha waya ule ukiwa na umeme baada ya ajali.

Basi waya ule una nini? Betri ikiwa mbele, waya unaoenda kwenye starta ni mfupi, pengine nusu mita tu, na hukaa penye kuonekana. Betri ikiwa nyuma, waya huo unakuwa wa mita nne au tano, unapita chini ya miguu ya abiria, kando ya bolti za viti, karibu na paipu za petroli na za breki, na wakati wote una umeme, hata motokaa ikiwa imezimwa na kufungwa usiku. Bodi ya motokaa nayo ni upande wa pili wa betri. Kwa hiyo popote ngozi ya waya itakapochubuka ikagusa bati, imepiga shoti. Betri nzima ya motokaa ina ukinzani wa ndani wa kama sehemu moja ya mia ya omu. Gawanya volti 12 kwa 0.01 uone: ni ampea 1,200. Mkondo wa namna hiyo huufanya waya uwe mwekundu kama mkaa, na zulia lililo juu yake halingoji kuambiwa.

Dawa yake ni fyuzi, nayo iwekwe karibu na betri, isizidi kama sentimita 30 kutoka kwenye kichwa chake. Wako wanaoiweka mbele karibu na starta kwa kuwa huko ni rahisi kuifikia. Hiyo haifai kitu, maana fyuzi hulinda tu waya ulio mbele yake kutoka betri, na mita nne zilizo nyuma yake zimebaki bila mlinzi. Mzazi anayepeleka motokaa kwa fundi asione haya kuuliza, "Fundi, fyuzi ya waya huu umeiweka wapi?" Naye fundi akijibu, "Mzee, usiwe na wasiwasi, waya wenyewe ni mnene," basi mzee ajue kwamba jibu hilo limegeuza mambo. Unene wa waya hupunguza ukinzani, na ukinzani ukipungua mkondo wa shoti huongezeka. Waya mnene bila fyuzi ni hatari zaidi, si pungufu.

Kwa injini ndogo ya petroli wengi hutumia fyuzi ya ampea 200 hadi 300, ya aina ile ya kufungwa kwa bolti mbili. Starta ikianza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa nukta moja au mbili, na fyuzi hiyo hustahimili, ila shoti haiistahimili. Injini ya dizeli huvuta zaidi, na yataka fyuzi kubwa na waya mnene zaidi. Lakini ile desturi ya kufunga kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi iliyoungua, ambayo tumeiona katika motokaa na hata katika nyumba, hapa ni sawa na kuondoa breki kwa sababu zinapiga kelele.

Sasa unene wa waya. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na mkato wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172. Tuseme waya wetu una mita 4.5, na starta yavuta ampea 200. Tukitumia waya wa milimita 16 za mraba, ambao kwa macho huonekana mnene wa kutosha, ukinzani wake ni 0.0172 mara 4.5 gawanya kwa 16, yaani omu 0.0048. Zidisha kwa ampea 200: volti 0.97 zimepotea njiani. Tukitumia waya wa milimita 50 za mraba, ukinzani ni omu 0.0015 na zaidi kidogo, na volti zinazopotea ni 0.31 tu.

Volti moja yaweza kuonekana ndogo. Lakini kumbukeni asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, ukungu ukiwa bado juu ya milima ya Matogoro. Oili imekuwa nzito, betri nayo imezubaa kwa baridi, na wakati wa kupiga starta volti zake hushuka kutoka 12.6 hadi kama 10.5. Ukiondoa moja tena, starta yapata 9.5, na cheche za plagi nazo hupungua nguvu. Ndipo utakapowaona wanafunzi wanaitwa kusukuma! Mwenye motokaa atanunua betri mpya, kisha nyingine, na kosa liko katika waya.

Waya uwe wa shaba tupu yenye nyuzi nyingi nyembamba, ili ujipinde bila kukatika. Waya wa mashine ya kuchomelea vyuma una shaba nzuri na ni laini, mafundi wengi huupenda, lakini mpira wa nje wa baadhi yake hauvumilii mafuta na msuguano wa miaka mingi, hivyo na upitishwe ndani ya paipu ya plastiki ya kujipinda. Uwe kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuungwa katikati. Kile kipande cha shaba chenye tundu kinachovikwa ncha yake kibanwe kwa mashine ya kubana, si kwa nyundo. Risasi ya kulehemu peke yake haitoshi, maana kiungo kikipata joto huyeyuka, na penye mtikisiko waya hukatika pale risasi ilipoishia.

Kuhusu njia ya kupitisha, nimeona hapa ndipo fundi wa haraka hujulikana. Kila tundu linalopita katika bati livishwe pete ya mpira, kwa kuwa ukingo wa bati ni kisu. Barabara za vumbi zenye mawimbi huutikisa waya maelfu ya mara kwa saa moja, na kisu kisichochoka kitafika kwenye shaba. Waya ufungwe kwa vibanio kila baada ya sentimita 30 hivi, mbali na ekzosi na propela, na ikiwezekana upande mwingine kabisa wa motokaa usio na paipu ya petroli. Afadhali upite ndani, pembeni mwa sakafu, kuliko chini ya tumbo ambako mawe hurushwa na jeki huwekwa. Kabla ya kutoboa tundu lolote katika sakafu ya buti, fundi alale chini aangalie juu. Motokaa nyingi za zamani zina tangi la petroli papo hapo, na keekee haina macho.

Kuna jambo moja la motokaa za Kiingereza ambalo fundi kijana hana budi kuambiwa. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 nyingi kati ya hizo zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha motokaa za leo. Katika motokaa ya namna hiyo waya mrefu wenye hatari ni wa upande hasi, na fyuzi huwekwa huko. Asiangalie rangi ya waya, aangalie upande upi umeunganishwa na bodi.

Umeme ukienda lazima urudi. Betri ikiwa nyuma, hurudi kwa njia ya bodi, kwa hiyo waya mfupi wa ardhi katika buti uwe mnene sawasawa na ule mrefu, na mahali unapofungwa pakwanguliwe rangi na kutu mpaka bati ling'ae, kisha papakwe grisi juu. Mbele nako injini imekaa juu ya mipira, ambayo haipitishi umeme. Usipokuwapo waya mnene kati ya injini na bodi, umeme wa starta utatafuta njia nyingine, nao utaipata katika kebo nyembamba ya choki au ya akselereta. Kebo ikaungua, dereva ashangae moshi unatoka dashibodi.

Nimesema habari za waya kwa urefu. Betri yenyewe ina mambo mawili, hewa na uzito. Betri ya maji inapochajiwa, hasa ikishajaa, umeme huyatenga maji yake kuwa haidrojeni na oksijeni, kama tunavyoonyesha katika maabara. Haidrojeni ikifika sehemu 4 kwa mia ya hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja, na yaendelea kuwa hivyo mpaka sehemu 75 kwa mia. Chini ya boneti upepo huipeperusha. Ndani ya buti hupanda na kukusanyika chini ya kifuniko, na kati yake na abiria mara nyingi pana mgongo wa kiti na ubao wa karatasi tu. Motokaa za zamani zimezidi kwa hili, kwa sababu vile vidhibiti vyao vya dainamo huchoka na kuichaji betri kupita kiasi. Basi betri ikae katika sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na kutoka sehemu ya juu ya sanduku mpira upelekwe nje kupitia sakafu, mbali na ekzosi. Ziko betri zilizofungwa, ambazo tindikali yake imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hizo ni bora kwa kazi hii, lakini zikichajiwa kupita kiasi nazo hufungua vali na kutoa hewa, kwa hiyo mpira wa kutolea hewa haukosekani.

Sanduku lina kazi nyingine ambayo vitabu vya nchi za mbali havikuifikiria. Buti la motokaa ya kwetu hubeba majembe, spana, gunia la mahindi na dumu la petroli, vyote siku moja. Jembe likilala juu ya vichwa viwili vya betri isiyofunikwa, hakuna fyuzi itakayosaidia, kwa sababu shoti imetokea kabla ya kuifikia. Na dumu la petroli lisikae humo kabisa baada ya betri kuhamia.

Kuhusu uzito, hebu tufikiri motokaa inagonga kwa nguvu inayoisimamisha kwa kiasi cha mara 20 ya mvuto wa dunia, jambo linalotokea katika ajali za kawaida. Betri ya kilo 15 husukuma mbele kama mzigo wa kilo 300. Kamba ya mpira wa tairi haishiki mzigo huo. Yatakiwa fremu ya chuma na bolti zisizopungua milimita 8, zilizopita sakafu yote, na chini ya bati ziwekwe sahani za chuma pana ili bolti zisichomoke na kipande cha bati. Motokaa ikipinduka katika kona za Lukumburu, betri ibaki mahali pake na tindikali yake isiwamwagikie watoto waliokaa kiti cha nyuma.

Swichi kuu ya kukata umeme ni nyongeza nzuri, nayo hutakiwa katika mashindano. Lakini swichi ya kawaida isizimwe injini inapokuwa inazunguka, maana alternata ikipoteza betri ghafla volti zake hupanda na kuweza kujiharibu na kuharibu vifaa vingine. Motokaa za mashindano hutumia swichi maalumu inayokata umeme wa plagi pia. Kisha nje ya buti pabandikwe alama ya betri, ili watu wa zimamoto wakija wasiitafute mbele.

Wakati wa kufunga, waya wa ardhi huwa wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa. Sababu yake ni spana. Ukifungua upande wenye umeme kwanza na spana ikagusa bati, umepiga shoti kwa mkono wako. Ukianza na wa ardhi, spana ikigusa bati hakuna linalotokea, na ukishautoa, upande wa pili hauna pa kwenda. Pete na saa ya chuma vivuliwe kabla.

Kazi ikiisha, msiikubali kwa kuwa injini imewaka tu. Chukua voltimita, mguu mmoja uuweke juu ya kichwa cha betri chenye umeme na mwingine, kwa waya mrefu, kwenye bolti ya starta. Uondoe umeme wa plagi ili injini isiwake, na mwenzako apige starta kwa nukta tatu au nne. Namba utakayoisoma ni volti zilizopotea njiani. Rudia upande wa ardhi, kati ya kichwa cha pili cha betri na chuma cha injini. Namba zote mbili zikijumlishwa zikawa nusu volti au pungufu, kazi ni safi. Zikizidi, pitisha mkono pole pole katika viungo na kishikio cha fyuzi, na kile kilicho cha moto kuliko vingine ndicho kilichofungwa vibaya. Pima tena baada ya safari ya kwanza ndefu, tuseme ya kwenda Tunduru na kurudi, na fundi akaze nati zote mara ya pili, akiangalia kila pete ya mpira kwa tochi.